Mbuzi wa Mtaliano

Mume wangu Nzomo hakuwahi kufika hata Kibwezi, lakini mwaka ule Mtaliano alipoivamia Habeshi, yeye ndiye aliyejua kila kitu. Alijua mfalme wa Habeshi anakula nini asubuhi. Alijua Mtaliano anaogopa nini. Alijua majeshi yatakutana wapi na ni nani atakayetangulia kukimbia. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ni kwamba paa la nyumba yangu mimi, mke wake wa pili, lilikuwa linavuja tangu mvua za nyuma. Lakini hiyo haikuwa habari ya dunia, ilikuwa habari ya Mbula, na habari za Mbula hazikuwa na msomaji.

Nikisema alijua peke yake nitakuwa namwonea. Soko zima la Matiliku lilijua. Habari tulikuwa tunaletewa na Kiema, mwalimu wa dini kutoka Mbooni, aliyeshuka vilima vile kila siku ya soko na baiskeli yake, mara nyingi yeye akiwa ameibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Siku ile alikuja na gazeti lililokwisha kuzeeka. Akapanda juu ya jiwe karibu na wauza mtama, akatusomea kwamba ndege za Mtaliano zinawaangushia watu mabomu, watu weusi kama sisi, tena Wakristo wa tangu zamani za kale, na kwamba wakubwa wa dunia wako mji unaoitwa Geneva wanazungumza.

Wauza mtama waliacha kupima. Mimi mwenyewe nilisikia uchungu kifuani, maana hata asiyejua Habeshi iko upande gani anajua moto unaunguza namna gani. Mwanamke mmoja muuza vitete, vile vibuyu vya kubebea maji, alilia. Huo ndio ulikuwa wakati wetu mzuri. Kama soko lingefungwa pale pale, tukachukua vyondo vyetu tukaenda nyumbani na huzuni yetu, leo ningekuwa nawasifu watu wa Matiliku.

Lakini soko lilikuwa bado kufungwa, na pombe ilikuwa bado kuisha.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Mutiso, aliyebeba mizigo ya Waingereza katika vita vya Mjerumani kule Tanganyika. Kwa kuwa alikuwa amewabebea Wazungu masanduku, alihesabiwa kuwa mjuzi wa mambo ya Ulaya.

"Mimi naijua hiyo watu," akasema. "Mzungu akivua viatu tu, vita imekwisha. Habeshi watafute njia ya kuiba viatu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, jambo limefikiriwa. Mwingine akasema tupeleke mishale, maana sumu ya Wakamba haina mfano. Mwingine akauliza itapelekwa na nani, akajibiwa kwamba hilo ni swali la mtu asiyeipenda Habeshi. Yule aliyeuliza akajitetea sana, akaapa kwamba anaipenda Habeshi kuliko mama yake. Basi kuanzia hapo mashindano yakawa ni hayo, nani anaipenda zaidi, na mume wangu hakuwa mtu wa kushindwa katika jambo lisilokuwa na gharama.

"Maneno haya yote ni upepo," Nzomo akasema, akasimama na kigoda chake mkononi. "Mtaliano ni mwizi. Mwizi tunamfanya nini sisi? Tunamletea kithitu."

Kwa asiyetujua, kithitu ndicho kiapo chetu kikubwa. Ni kitu kinachokaa kimefungwa, hakiguswi kwa mkono, na mzee anayekimiliki hukileta kwa kulipwa mbuzi. Wagombanao hukipiga kwa vijiti huku wakisema, kama nimedanganya, kinile. Aliyedanganya hafi peke yake. Hufa mke, hufa mtoto, hufa ng'ombe, mpaka nyumba ibaki majivu. Nimeona boma moja kule Nzaui lililoliwa hivyo, na sipendi kupita hapo hata mchana.

Soko likapiga kelele za furaha. Kwa nini hatukufikiria mapema! Geneva wanazungumza, Matiliku inatenda. Lakini sheria ya kithitu inajulikana na kila mtu. Hakipigwi bila mshtakiwa kuwapo, na kama mshtakiwa yuko mbali, lazima asimame mtu wa kwao. Sasa Mtaliano tutampata wapi katika nchi hii kavu?

Hapo macho yote yakageuka, polepole, yakamtazama Gabow.

Gabow alikuwa Msomali, mchuuzi wa mifugo. Alinunua mbuzi na ng'ombe kwetu, akawachunga mpaka kundi limetosha, kisha akawaswaga hadi stesheni ya Sultan Hamud. Pembeni aliuza chumvi, sukari na kitambaa cha marekani katika kibanda cha turubai. Alikaa nasi miaka mingi, mtu mrefu, mpole, mcheshi kwa namna yake, na tatizo lake lilianza na ucheshi huo. Alipenda kusimulia kwamba alizaliwa karibu na mto Juba, katika ardhi ya Mwingereza. Akatoka kwenda kuuza ng'ombe. Aliporudi akakuta Mwingereza amempa Mtaliano ardhi ile, shukrani kwa kumsaidia katika vita. "Wallahi," alikuwa akisema, "mimi nimelala Mwingereza nimeamka Mtaliano, na kikoi ni ile ile." Wote tulicheka. Tulicheka miaka kumi.

Siku ile hakuna aliyecheka. Nzomo akamnyoshea kidole.

"Gabow, wewe ni mtu wa nani?"

"Mimi ni mtu wa Mungu, mzee."

"Serikali ya kwenu ni ya nani?"

Gabow akatazama huku na huku, akitafuta mtu wa kucheka naye. "Mzee, hiyo ilikuwa maneno ya kuchekesha tu."

"Ni ya nani?"

"Ya Mtaliano," akasema.

Ikawa imekwisha. Wazee wakakaa pembeni, wakaamua kwamba Gabow atasimama badala ya Mtaliano mbele ya kithitu. Atatumwa mtu kumwita mzee Kisilu, mwenye kithitu, ambaye alikuwa na kazi nyingi upande wa Kitui na hangefika upesi. Mpaka siku hiyo, mifugo ya Mtaliano isinywe maji ya Matiliku.

Ni mwaka wa ukame ninaosimulia. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalipatikana kwa kuchimba, mahali pengine mpaka mtu azame kichwa. Kwetu mchanga ni wa wote lakini shimo ni la aliyechimba. Shimo ambalo mbuzi wa Gabow walikuwa wanakunywa nilikuwa nimelichimba mimi, kwa mikono hii na jembe lililovunjika mpini. Mapatano yake tulikuwa tumeyafanya mimi na Abshiro, mke wa Gabow, bila wazee na bila kigoda. Mbuzi wao wanakunywa kwangu, na kila asubuhi Abshiro ananipa kibuyu cha maziwa ya mbuzi wake mwekundu, kwa ajili ya Muthoki.

Muthoki alikuwa binti yangu wa mwisho, hajatimiza mwaka. Njaa ilikuwa imenikausha maziwa, na ng'ombe wetu wawili walikuwa wamekufa wamelala kifudifudi kama wanaosali. Mtoto yule alikuwa anaishi kwa mbuzi wa Abshiro. Sisemi kwamba maziwa yalimsaidia. Nasema aliishi kwayo, hakukuwa na kingine.

Nilimngoja Nzomo nyumbani. Alirudi amejaa heshima na pombe.

"Baba Muthoki," nikamwambia, "mmefunga shimo langu."

"Shimo la mke ni la mume."

"Ulichimba siku gani? Nilikuwa wapi nisikuone?"

"Mbula, hii ni mambo ya dunia."

"Mbuzi wasipokunywa hawatoi maziwa. Mtoto wako atakunywa nini?"

"Uji."

"Uji wa nini? Mtama umebaki wa kukalia kiganja."

Akanitazama kwa masikitiko makubwa, kama mtu anayemhurumia asiyesoma, na yeye pia hakuwa amesoma. "Mama," akasema, "watoto wa Habeshi wanaungua kwa mabomu, na wewe unaniambia maziwa?"

Nilitaka kumpiga na mwiko. Sikumpiga, na mpaka leo sijaona faida ya kutompiga.

Asubuhi nilikuta shimo langu limezungushiwa matawi ya mwiba, na wazee wamekaa kivulini kulinda, wanatafuna tumbaku. Walimkataza Gabow kwa adabu nzuri sana. Walimuuliza hali ya nyumbani, wakamuuliza watoto, wakamwambia hawana neno naye yeye mwenyewe, ni Mtaliano tu. Mbuzi wakasimama juu ya ukingo wakilia, wananusa maji chini ya mchanga. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wahenga hawakufika Matiliku. Chura wetu walimzuia.

Nilifanya nilichoweza. Nilichota maji ya nyumba yangu, nikabeba kitete mgongoni na mtoto kifuani, nikampelekea Abshiro kwa njia ya vichakani. Hayakutosha kundi, yalitosha watoto wake wawili na yule mbuzi mwekundu. Siku ya tatu walinikamata. Wazee wakasema mke wa Nzomo anamsaidia adui, wakamtoza mume wangu mtungi wa pombe ya asali. Pombe ikanywewa na wazee, na Nzomo akiwa miongoni mwao, akinywa faini yake mwenyewe na kuisifu. Kisha akaniambia nikirudia atanirudisha kwa baba yangu. Baba yangu alikuwa amekufa, lakini nilielewa.

Siku ya soko iliyofuata Kiema akaja tena na gazeti. Akasoma kwamba mataifa yaliyokaa Geneva yamekubaliana kumwadhibu Mtaliano, hayatamuuzia vitu fulani na fulani.

"Wametusikia!" Nzomo akapiga kelele. Watu wakakumbatiana. Kuna mtu alisema hilo limetoka moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya, ambaye alimwandikia mfalme wa Uingereza habari zetu.

Kiema akaendelea kusoma. Mafuta, akasema, yale yanayoendesha ndege na malori ya Mtaliano, hayo bado watamuuzia.

"Kwa nini?" Mutiso akauliza.

Kiema akatafuta kwenye karatasi. "Wanaogopa atakasirika."

Ningependa kuwaambia kwamba watu wa Matiliku waliwacheka Geneva. Hatukuwacheka. Watu walikuwa wamesimama wakimsikiliza Kiema huku mikononi wameshika chumvi na sukari za Gabow, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa nazo. Biashara kibandani haikupungua hata kidogo. Tulimnyima Mtaliano maji tu. Sukari yake tuliendelea kuilamba, na mwingine alilamba hapo hapo mbele ya kibanda akimlaani.

Sasa fikiria hali ya Gabow. Kisilu haji. Mbuzi wameanza kulala na hawaamki. Kuwaswaga mpaka Sultan Hamud bila kunywa ni kuwapanda njiani kama mahindi. Mtu wa namna hiyo afanye nini? Atauza. Na atamuuzia nani, kama si watu wenye maji?

Mutiso alinunua wa kwanza, kwa bei ambayo hata mwizi angeona haya kuitaja. Alichagua majike yenye mimba. Jioni ile ile mbuzi wale wale, wenye alama ya Gabow masikioni, wakashuka mtoni mbele ya wazee wale wale, matawi ya mwiba yakavutwa pembeni, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Walikuwa wamekwisha kuwa Wahabeshi.

Baada ya Mutiso walikuja wengine. Kila mtu aliyesimama sokoni kulia juu ya Habeshi alirudi nyumbani na mbuzi wawili watatu wa Mtaliano, na wale waliolia zaidi walipata wazuri zaidi. Siku moja nilikwenda kwa Abshiro na kitete kitupu, naomba maziwa yoyote yaliyopo, hata funda moja. Muthoki alikuwa ameacha kulia. Mama yeyote anajua kwamba mtoto akilia una mtoto, akinyamaza anza kuogopa. Abshiro akanionyesha kamba iliyokatika kwenye nguzo. Mbuzi mwekundu alikuwa ameuzwa jana.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Mutiso amekuja kumchukua. Amesema ni ya mtu mwingine, amemtuma."

Akampokea Muthoki, akamtia kidole kinywani, mtoto akanyonya kidole. Abshiro akafunika uso wake kwa mtandio. Tulikaa hivyo, na siku hiyo nilimchukia kila mtu aliyewahi kutamka neno Ulaya.

Kwa siku chache nilimlambisha Muthoki maji ya mtama wa mwisho, hatimaye Kisilu akafika. Nilikuwa nimemwazia kama mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mfupi mwenye mafua, amechoka na safari, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa mbuzi wake wa malipo yuko wapi na kama ana mafuta. Kithitu chake kilikuwa ndani ya mfuko wa ngozi juu ya fimbo, mbali na watu. Watu walikuja kutoka kila upande, wengine wamevaa vizuri kana kwamba ni harusi. Kisilu akaagiza wake za watakaoapa waje wasimame waonekane, ili kiapo kikitafuta nyumba kisipotee njia. Kwa hiyo tukasimama, Abshiro upande wa kushoto, mimi, mke wa aliyetaja kithitu, kulia na Muthoki mgongoni, na wengine hata hawakujua kwa nini mimi nimesimama. Mimi nilianza kujua.

Kisilu akapiga chafya, akauliza, "Mshtakiwa?"

Gabow akasukumwa mbele.

"Wewe ndiye Mtaliano?"

"Wanasema, mzee."

"Umeiba nini?"

"Nchi," watu wakaitikia kwa sauti moja.

Kisilu akamtazama Gabow kutoka makubadhi ya ngozi hadi kofia, kama anayejiuliza ameificha wapi. "Haya. Mimi sikuja kusikia maneno. Kithitu hakina masikio ya maneno mengi. Na mwenye kuibiwa ni nani?"

"Mhabeshi!"

"Yuko wapi?"

Watu wakageuka kutazama nyuma yao.

"Mshtakiwa amepata wa kumsimamia," Kisilu akasema. "Mshtaki naye asimamiwe. Tena mshtaki ndiye anaanza. Anapiga kithitu, anasema: Mimi Mhabeshi sikumwibia huyu kitu, sikumchokoza, wala sikumtangulia kumpiga. Kama nadanganya, kithitu kinile mimi na nyumba yangu. Nani anakuja?"

Aliweka kijiti chini, akaanza kutafuta kitambaa cha kupangusa pua.

Sijawahi kuona mkutano mkubwa ukipungua bila mtu kuondoka. Watu walikuwa pale pale, lakini kila mmoja alikuwa amejikunja akawa mdogo. Mutiso, mjuzi wa Ulaya, akaanza kukagua ukucha wa mguu wake.

"Gabow," mtu mmoja akaita kwa sauti ya chini, "wewe unatoka kule karibu. Hao Habeshi... wako namna gani? Hawajawahi kuiba?"

Gabow angeweza kusema lolote. Alifikiri kidogo. "Mimi sijui mambo ya wafalme," akasema. "Ngamia ya mjomba wangu ilichukuliwa na Habeshi, ishirini. Lakini sisi pia tulikuwa tumechukua yao."

Nikasikia watu wakivuta pumzi. Mambo ya dunia yalikuwa yamekuwa ngamia, na kila Mkamba anajua mambo ya mifugo iliyochukuliwa hayana mwanzo. Nani ataapa juu ya hayo? Nani ataweka watoto wake?

"Nani aliyeita kithitu?" Kisilu akauliza, sasa kwa hasira, maana mbuzi wake alikuwa ananukia motoni. "Mtu hawezi kuniita kutoka Kitui nije kupiga chafya."

Macho yakageuka tena, polepole kama siku ile, lakini safari hii yalimtazama mume wangu.

Mtu anayeishi kwa sifa hufa kwa sifa. Nilimwona Nzomo akitafuta njia ya kutoka na asiione. Akatabasamu vibaya. Akapiga hatua moja, ya pili, akainama kukiokota kijiti. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, na kitu kidogo chepesi mgongoni ambacho zamani kilikuwa kizito.

"Nzomo!" nikaita. Mwanamke haiti mahali pale. Niliita. "Mfalme wa Habeshi mama yake anaitwa nani?"

Akasimama nusu, ameinama.

"Hujui? Baba yake alikufa na nini? Ana ndugu wangapi? Hujui. Mimi ni Mbula, mama yangu unamjua, mtoto huyu unajua alizaliwa siku gani. Huyo mfalme ndiye unataka kumwapia nyumba yangu, na hujui kama ana ndevu au hana!"

"Nyamaza, mwanamke."

"Mtoto umemnyima maziwa. Sasa unataka kumaliza kazi. Okota! Okota kijiti nione!"

Hakuokota. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko anavyoweza kuinama mtu wa umri wake, kisha akajifanya anajikuna goti, akanyooka, akarudi nyuma akaketi.

Kisilu hakushangaa. Nadhani alikuwa ameona mengi ya namna hiyo, na njaa ilikuwa inamuuma. Akasema shauri lisilokuwa na wa kuapa limekufa. Mshtaki ameshindwa. Maji yafunguliwe kwa mifugo ya huyu bwana. Kisha akaenda kula, na wote wakaenda naye, na nusu saa haikupita nikasikia Mutiso akieleza kwa mdomo uliojaa nyama kwamba kusema kweli hata yeye alikuwa na mashaka na hawa Habeshi tangu mwanzo.

Gabow alibaki amesimama peke yake pale uwanjani. Amepata haki. Maji yamefunguliwa kwa mifugo yake, na mifugo yenyewe alikuwa amebakiwa na punda mmoja.

Jioni Nzomo alikuja nyumbani kwangu akikohoa mlangoni, jambo ambalo hakulizoea. Alikuwa anavuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mbuzi mwekundu wa Abshiro.

"Si ulikuwa unalia maziwa?" akasema. "Nilimnunua mapema, nikamweka kwa Mutiso. Isingependeza watu waone, na mimi ndiye nimeshtaki. Nilitaka kukushangaza."

Alinishangaza. Siku zote zile mtoto ananyonya kidole, yule mbuzi alikuwa umbali wa kutupa jiwe, ananyweshwa maji yangu, anakamuliwa na Mutiso. Nilipokea kamba, nikamfunga Muthoki mgongoni, nikatoka.

Niliwakuta Abshiro na Gabow wamemaliza kumfunga punda mizigo: turubai, sufuria, na watoto wawili juu. Mbuzi alimwona Abshiro akapiga kelele, akanivuta. Nikaiweka kamba mkononi mwa mwenyewe.

"Wako huyu," nikasema. "Sikujua, Abshiro. Naapa kwa mtoto huyu, sikujua."

Alichuchumaa, akamkamua kibuyuni bila haraka, akamchukua Muthoki akamnywesha mwenyewe, kidogo kidogo, akimpangusa mdomo kwa mtandio. Mtoto akanywa mpaka akatoa sauti ile ya kukasirika kwamba yamekwisha. Nilipoisikia nililia. Kisha Abshiro akairudisha kamba mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Hapana," nikasema. "Nenda naye. Maji yamefunguliwa, Kisilu ameamua."

"Imefunguliwa leo, abaayo," akasema, akiniita dada kwa lugha yao. "Kesho huko Ulaya watapigana wengine, na mimi sijui nitaambiwa ni nani. Huyu akiwa yangu, ni mbuzi ya Mtaliano. Akiwa yako, ni mbuzi tu. Akae kwako, anywe."

Wakaondoka kuelekea Sultan Hamud. Niliteremka mtoni na mbuzi. Wazee walikuwa kivulini, wameshiba, Nzomo katikati yao, na Mutiso anaeleza jinsi Mtaliano atakavyoshindwa mvua zikianza. Mutiso aliponiona nakuja na mbuzi aliinuka kwa heshima, akaniondolea tawi la mwiba, lililokuwa bado pale, ili mbuzi apite.